Chupa Niliyoificha kwa Miaka Saba

Kila mwaka, mara baada ya wanafunzi wapya wa uzamili kukamilisha usajili na kabla hawajakabidhiwa funguo, idara yetu huendesha mafunzo rejea ya usalama kwa watumiaji wote wa maabara za utafiti. Wanafunzi wapya wana mafunzo yao ya awali, ya siku mbili, na wao huja na hofu zao, hukaa viti vya mbele na kuandika kila kinachosemwa. Mafunzo rejea ni ya sisi wengine: wanafunzi wa uzamivu waliofika mwaka wa tatu au wa nne, wahadhiri, watafiti wageni, wahudumu wa usafi, na sisi wataalamu wa maabara tuliozeeka pamoja na milango ile. Mimi ninatimiza mwaka wa kumi na sita. Kwa miaka mitano sasa ndiye ninayeyaendesha mafunzo hayo, na katika minne ya kwanza niliyaendesha vibaya.

Ubaya wenyewe ulikuwa wa kawaida kabisa. Kulikuwa na slaidi arobaini na tano ambazo mtangulizi wangu alizitoa kwenye chuo kimoja cha ng'ambo na kubadilisha nembo tu, kiasi kwamba slaidi ya ishirini na nane iliendelea kututaka tuhakikishe njia ya dharura haijafunikwa na theluji. Chai na maandazi saa nne. Karatasi ya mahudhurio. Kisha maswali kumi ambayo majibu yake yalikuwa yakizunguka kwenye kundi la WhatsApp la idara tangu mwaka uliotangulia, na kufikia saa saba mchana kila mtu alikuwa amefaulu. Baada ya hapo tulirudi maabara tukafanya kila jambo kama tulivyokuwa tukilifanya jana yake. Na chombo kikipasuka, au mtu akiungua, neno lilikuwa moja: ajali haina kinga. Barabarani neno hilo huwafariji wafiwa, na huko sina ugomvi nalo. Maabarani linafanya kazi ya sanda, maana hulifunika jambo kabla ya mtu yeyote kulitazama.

Mwaka huu niliziacha slaidi ofisini, nikasimama mbele ya watu sitini na wawili, nikawasimulia habari ya chupa.

Ilikuwa Ijumaa jioni, mwezi wa pili, miaka saba iliyopita. Tulikuwa tukipima metali nzito katika mashapo ya mto, kazi ambayo huanza kwa kuchemsha sampuli katika asidi ya nitriki isiyozimuliwa, na mwisho wa siku zilinibakia kama mililita mia tatu za asidi hiyo ambazo sikuweza kuzirudisha kwenye chupa yake, kwa kuwa kemikali ikishamiminwa hairudishwi ilikotoka. Chini ya sinki kulikuwa na chupa ya kahawia ya lita 2.5 iliyoandikwa neno moja kwa kalamu ya wino mzito: TAKA. Nilimimina, nikakaza kifuniko kama ninavyokaza siku zote, nikazima taa, nikawahi daladala. Jumamosi asubuhi nilirudi kuzima inkubeta, nikakuta mlango wa kabati la chini ya sinki umeng'oka bawaba moja, vipande vya kioo vimetapakaa hadi ukuta wa pili, na harufu inayokwaruza koo imejaa chumba kizima.

Kilichokuwamo katika chupa ile ni ethanoli iliyokwisha kutumika, iliyowekwa humo na mtu wa chumba cha jirani ambaye naye aliliamini neno TAKA. Asidi ya nitriki nzito huishambulia ethanoli, na mmenyuko huo una tabia ya kuchelewa: unaweza kukaa kimya kwa dakika nyingi, hata saa kadhaa, huku ukijitengenezea joto na gesi za kahawia za oksidi za naitrojeni. Joto likiongezeka, mmenyuko huenda kasi zaidi, na kasi hiyo huleta joto jingine, na ndani ya chupa iliyofungwa gesi haina pa kutokea. Kifuniko nilichokikaza kwa unadhifu wangu ndicho kilichoigeuza chupa kuwa bomu. Kiti ambacho mwanafunzi mmoja wa uzamivu alizoea kukalia mpaka saa tatu za usiku kilikuwa hatua mbili kutoka pale. Ijumaa ile alikuwa amekwenda kwenye sendofu ya dada yake.

Nilifagia kwa saa tatu. Nilimwambia mlinzi kwamba chupa imeanguka, nikanunua bawaba kwa fedha yangu, na sikumwambia mtu mwingine yeyote. Sikuogopa kufukuzwa kazi. Niliogopa kuchekwa, maana kwa miaka tisa ndiye niliyekuwa nikiwafokea wengine kuhusu koti na miwani. Matokeo ya ukimya wangu niliyaona miaka miwili baadaye, mhudumu wa usafi aliponiita nikatazame kidumu cha plastiki kilichovimba kama puto katika chumba kingine cha ghorofa ile ile. Lebo yake ilisema TAKA. Kama ningalisema, neno hilo lingalipigwa marufuku katika jengo zima, na kila chombo cha taka kingaliandikwa majina ya vilivyomo, tarehe ya kuanza kujazwa na jina la mwenye nacho. Kwa kuwa sikusema, lilibaki pale likimsubiri mtu mwingine.

Nilipomaliza, hakuna aliyecheka. Mwanafunzi wa mwaka wa nne alinyoosha mkono akaeleza jinsi alivyochukua chupa ya maji ya kunywa iliyokuwa mezani kwake, akaifikisha karibu na mdomo, na akaokolewa na harufu tu: mwenzake alikuwa amehifadhi humo asetoni kwa sababu chupa za maabara zilikuwa zimeisha. Mhadhiri mmoja akasema kwamba yeye ndiye aliyewafundisha wanafunzi wake kuhifadhi hivyo. Kisha akasimama mama mmoja mhudumu wa usafi, ambaye amefanya kazi katika jengo letu muda mrefu kuliko mimi, akasema kuwa amechomwa na sindano mara mbili alipokuwa akifunga mifuko ya taka za kawaida, na mara zote mbili aliosha mkono kwa sabuni akaendelea na kazi, kwani hakujua kama hilo ni jambo la kutolewa taarifa.

Jina lake lilikuwamo katika karatasi zangu zote za mahudhurio, na saini yake ilikuwa mbele ya jina. Alikuwa amehudhuria. Alikaa viti vya nyuma akisikiliza Kiingereza cha slaidi kwa saa tatu, akanywa chai, akasaini. Mtu aliyechomwa na sindano yenye damu ya binadamu anapaswa kuosha jeraha kwa maji na sabuni bila kulikamua, kutoa taarifa papo hapo na kufika kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa za kujikinga na Virusi vya Ukimwi baada ya tukio kama hilo zinatakiwa kuanza mapema kadiri iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile kabla ya saa 72 kupita, kisha humezwa kwa siku 28. Homa ya ini aina ya B ina chanjo, na mtu wa kwanza kupewa chanjo hiyo katika jengo kama letu angestahili kuwa yule anayebeba mifuko ambayo hajui ndani yake mna nini. Hayo yote yalikuwa kwenye slaidi ya thelathini na moja.

Kwa hiyo mwaka huu tulizungumza Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na nakiri kwamba ilikuwa kazi. Kifaa chenye feni kinachovuta mvuke wa kemikali na kuutoa nje ya jengo tumekuwa tukikiita kwa Kiingereza miaka yote. Tuliafikiana kukiita kabati la kunyonya mvuke, wanafunzi wakacheka, na kufikia mchana walikuwa wakilitumia jina hilo bila kujishtukia. Kiwango cha joto ambacho kimiminika kikikifikia hutoa mvuke wa kutosha kushika cheche tulikiita joto la kushika moto. Faida ya kulisema jambo kwa lugha yako ni kwamba huwezi kujificha nyuma yake. Tulipofika kwenye zile alama tisa za hatari za mfumo wa Umoja wa Mataifa, zilizochorwa ndani ya msambamba mwekundu, niliuliza ile yenye umbo la mtu na nyota kifuani ina maana gani, na watu watatu wenye shahada za uzamili wakanijibu kwamba ni dawa ya moyo. Ni alama ya madhara ya muda mrefu: saratani, kuharibika kwa viungo vya ndani, madhara kwa uzazi. Iko kwenye kopo la kloroformu ambalo mmoja wao hulifungua kila Jumanne.

Mwanafunzi mmoja wa uzamivu, mwenye heshima na akili nyingi, aliuliza swali ambalo nilikuwa nikilingoja: ikiwa mtu hajawahi kupata ajali na anazifahamu taratibu zote, arudie mafunzo kila mwaka kwa faida gani? Nilimjibu kwa habari ya Karen Wetterhahn.

Profesa Wetterhahn alikuwa mwanakemia wa Chuo cha Dartmouth nchini Marekani, na utaalamu wake hasa ulikuwa sumu ya metali, yaani katika watu wote duniani yeye alikuwa miongoni mwa wachache wasiohitaji kuambiwa kwamba zebaki ni hatari. Tarehe 14 Agosti 1996 alikuwa akihamisha kiasi kidogo cha dimethili-zebaki, kimiminika kisicho na rangi alichokihitaji kama kipimo cha kulinganishia katika mashine ya sumaku inayochunguza muundo wa kemikali. Alikuwa amevaa miwani. Alikuwa amevaa glavu za mpira laini. Alifanya kazi ndani ya kabati la kunyonya mvuke. Tone moja au machache zaidi yakaangukia glavu, akamaliza kazi, akavua glavu, akanawa. Miezi mitano baadaye alianza kuyumba anapotembea na ulimi ukawa mzito. Alifariki tarehe 8 Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 48. Wenzake walipozipima glavu za aina ile baada ya tukio, waligundua kwamba dimethili-zebaki huzipenya kwa sekunde 15 au chini ya hapo. Hakukiuka sheria yoyote iliyokuwapo. Sheria ndiyo iliyokuwa na kasoro, na kifo chake ndicho kilichoirekebisha: tangu hapo mtu anayelazimika kuigusa kemikali ile huambiwa avae glavu ya tabaka za plastiki maalumu ndani, na nyingine nene na ndefu juu yake.

Swali nililomrudishia kijana ni hili: glavu ulizozivaa leo asubuhi zimetengenezwa kwa malighafi gani, na zinahimili asetoni kwa muda gani? Hakujua, na hata mimi nilipoanza kazi sikujua. Glavu za naitraili, zile za buluu ambazo sote tunaziamini, ni nzuri kwa mambo mengi, lakini asetoni huzipita kwa dakika chache sana. Jambo hilo limeandikwa katika karatasi ya usalama inayokuja na kila kemikali, kwenye sehemu ya nane kati ya sehemu zake kumi na sita. Watu husoma sehemu ya kwanza, yenye jina la kemikali, wakaishia hapo. Tena wauzaji hubadilika kila mwaka kulingana na zabuni, na glavu za mwaka huu si za kiwanda cha mwaka jana.

Habari ya pili niliyoisimulia ni ya Sheharbano Sangji, aliyekuwa na miaka 23, msaidizi wa utafiti katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Tarehe 29 Desemba 2008, wakati watu wengi wakiwa likizo, alikuwa akivuta tert-butili-lithiamu kwa bomba la sindano la plastiki. Kimiminika hicho huwaka chenyewe kinapokutana na hewa. Kisukumio cha bomba kilichomoka. Alikuwa amevaa sweta ya nyuzi za viwandani, bila koti la maabara, na sweta ikashika moto mwilini. Bafu la dharura lilikuwapo chumbani lakini halikutumika. Alifariki tarehe 16 Januari 2009. Takriban miezi miwili kabla ya siku hiyo, ukaguzi wa ndani wa chuo ulikuwa umeandika kwamba katika maabara ile watu hawavai makoti. Baadaye chuo na profesa msimamizi walifunguliwa mashtaka ya jinai, jambo ambalo halikuwa limezoeleka kwa ajali ya maabara ya chuo kikuu, na mashtaka hayo yaliishia kwenye makubaliano. Kinachonisumbua mimi katika habari hiyo ni karatasi ya ukaguzi. Mtu aliona, akaandika, akaondoka. Nami nina faili lenye karatasi za namna hiyo, na mwandiko ni wangu.

Kisha tuliinuka. Sehemu ya pili ya mafunzo ya mwaka huu ilifanyika kwa miguu, vikundi vya watu kumi na wawili hivi, chumba kwa chumba, na hapa ndipo nilipogundua jinsi slaidi za nchi ya theluji zilivyokuwa zimetupotosha. Chukua etha, kimiminika cha kuyeyushia ambacho wanakemia wanaochunguza kemikali za mimea hukitumia kwa lita. Huchemka kwa nyuzi joto 35 hivi. Katika maabara ya Ulaya chupa ya etha juu ya meza ni kimiminika tulivu. Hapa Dar es Salaam, mwezi wa kwanza, kiyoyozi kikiwa kimeharibika, chupa hiyo hiyo iko karibu kuchemka pale ilipo, na mvuke wake, ambao ni mzito kuliko hewa kwa zaidi ya mara mbili, hushuka mezani na kutambaa sakafuni mpaka ukutane na jiko la umeme la mtu aliye upande wa pili wa chumba. Ethanoli safi ina joto la kushika moto la nyuzi kama 13. Maana yake ni kwamba katika mji huu, usiku na mchana, mwaka mzima, ethanoli iliyoachwa wazi iko tayari kuwaka wakati wowote. Sikumbuki kama niliwahi kulisema hilo kwa sauti kabla ya mwaka huu.

Halafu kuna umeme. Vitabu vyote huelekeza kwamba kazi ya mvuke wenye sumu ifanywe ndani ya kabati la kunyonya mvuke, kioo cha mbele kikiwa kimeshushwa hadi kwenye alama na vyombo vikiwa ndani kwa kiasi cha sentimita 15 kutoka ukingoni. Vitabu hivyo havisemi ufanye nini umeme unapokatika kazi ikiwa nusu. Jenereta yetu huhudumia majokofu na friza za sampuli. Mafeni ya makabati hayamo. Feni ikizima, kabati huwa sanduku tu, na mvuke hurudi kwa aliyesimama mbele yake. Tulifanya zoezi kwa vitendo: nilizima swichi kuu bila kuwaonya, nikahesabu sekunde. Kikundi cha kwanza kilisimama kikitazamana gizani kwa sekunde arobaini, mmoja wao akiwasha tochi ya simu ili aendelee kumimina. Kikundi cha mwisho, ambacho kwa hakika kilikuwa kimepenyezewa habari, kilifunika chupa, kikazima majiko, kikashusha kioo hadi chini na kutoka nje kwa sekunde kumi na tano. Sikuwalaumu kwa kupenyezewa habari. Ndivyo habari zinavyotakiwa kusafiri.

Na kuna maji. Kiwango cha Marekani ambacho watengenezaji wengi wa vifaa hivi hukifuata kinataka sehemu ya kuoshea macho ifikiwe ndani ya sekunde kumi, macho yaoshwe kwa dakika 15 mfululizo, na bafu la dharura litoe takriban lita 76 kwa dakika. Tulipiga hesabu pale pale ukutani: dakika 15 za bafu ni zaidi ya lita 1,100. Tangi letu la juu ya paa ni la lita 2,000, linahudumia vyoo vya ghorofa mbili, na wiki ambayo maji ya bomba hayatoki huwa tupu kufikia Jumatano. Tulifungua bomba la kuoshea macho mbele ya watu wote. Lilikohoa, likatoa maji ya rangi ya chai ya rangi kwa dakika tatu, kisha yakasafika. Fikiria kuyatia maji hayo katika jicho lililokwisha kuingiwa na sodiamu hidroksidi. Sasa linafunguliwa kila Jumatatu asubuhi, kuna daftari limefungwa kwa kamba pembeni yake, na maombi ya tangi la pekee kwa ajili ya bafu yako mezani kwa wahusika. Nitaandika hapa siku litakapofika.

Kwa upande wa biolojia sitakaa sana, ingawa kuna jambo moja ambalo lazima nilitaje kwa kuwa niliona nyuso zikibadilika. Sote tunaamini kwamba jiki huua kila kitu, na ni kweli kwamba sodiamu haipokloraiti iliyomo ni dawa nzuri ya kutakasia meza. Lakini bafa (miyeyusho maalumu) zinazotumika kupasulia seli wakati wa kutoa vinasaba huwa na chumvi za guanidini, na jiki ikimwagwa juu ya taka za bafa hizo hutoa gesi zenye sumu, miongoni mwao zikiwamo za jamii ya sianidi. Wakati wa UVIKO-19 maabara nyingi zilijaa ghafla vifaa vya kutolea vinasaba vyenye bafa hizo, na watu walikuwa wakimimina jiki kila mahali kwa nia njema kabisa. Onyo limo katika kijitabu cha maelezo ndani ya boksi, kile ambacho hutupwa pamoja na boksi.

Anayedhani kwamba maabara ni mahali pa kusomea magonjwa tu na hayatokei humo, akumbuke kwamba virusi vya Marburg, ambavyo mwaka 2023 vilizuka mkoani Kagera, vimebeba jina la mji wa Ujerumani. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara za Marburg na Frankfurt, na za Belgrade katika iliyokuwa Yugoslavia, waliugua baada ya kushughulika na tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda pamoja na tishu zao. Watu 31 waliugua, saba wakafariki.

Kuhusu sheria nilisema maneno machache. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na sheria hiyo inagusa pia watu ambao si wafanyakazi lakini wanaweza kudhurika kwa shughuli za kazi, kwa hiyo mwanafunzi hana sababu ya kujiona mgeni asiye na haki. Namba ya Zimamoto ni 114. Niliwataka wote waihifadhi kwenye simu zao pale pale, na nilipita nikikagua.

Watu wanne hawakuhudhuria. Watatu walikuwa na udhuru, nao nitawapa kipindi chao. Wa nne ni profesa aliyenifundisha mimi mwenyewe kemia ya upimaji, mtu ambaye hajahudhuria tangu nilipoanza kuyaendesha mafunzo haya, na ambaye kanuni ya idara inataka funguo zake zisimamishwe. Nilikuwa nimeiandika barua yake mara tatu na kuifuta mara tatu, kwa kuwa hakuna namna ya Kiswahili ya kumnyang'anya mwalimu wako funguo bila kumshikia adabu kwanza. Jana asubuhi akabisha hodi mwenyewe ofisini kwangu.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, binti yangu. Nasikia juzi mlikuwa mnaungama."

Nilimwambia ndiyo. Akakaa. Akasema kwamba ndani ya kabati la ofisi yake, rafu ya chini, nyuma ya majarida, kuna chupa ya asidi ya pikriki ambayo aliiweka alipokuwa mhadhiri msaidizi, na kwamba mara ya mwisho alipoitazama, yapata miaka kumi iliyopita, aliona unga wa njano umekauka kuzunguka kifuniko. Tangu siku ile hakuigusa, na hakumwambia mtu.

Asidi ya pikriki huhifadhiwa ikiwa imeloa maji. Ikikauka ni kilipuzi, na msuguano wa kufungua kifuniko chenye chembe zilizokauka kwenye nyuzi zake unatosha kuiamsha. Haifunguliwi, haisogezwi, haipanguswi vumbi. Tulifunga ukanda wote wa ghorofa ya kwanza, tukabandika karatasi milangoni, na mkuu wa idara akawapigia simu wenye ujuzi wa kuiondoa. Ninaandika haya nikiwa nje, chini ya mwarobaini, tukiwasubiri. Profesa ameketi kwenye benchi la pili akisoma gazeti. Ameniomba karatasi ya mahudhurio ya juzi, nikamwambia sina haki ya kumpa, mpaka akae kipindi kizima pamoja na wale watatu. Ameuliza kitakuwa saa ngapi.